Magunia Arobaini ya Vitunguu

Fanuel Mwadime alipostaafu kazi ya kupiga simu za maandishi katika stesheni ya reli ya Voi, mwaka wa hamsini na saba, aliondoka na vitu vitatu: saa ya ukutani, barua ya shukrani, na kiinua mgongo cha shilingi elfu moja na mia sita. Saa aliitundika. Barua aliisoma kanisani Jumapili, amesimama. Kiinua mgongo alikitia katika sanduku la bati chini ya kitanda, na tangu siku hiyo usingizi ukampungukia, kwa maana mtu aliyezoea mshahara wa mwezi hajui la kufanya na pesa zilizokuja zote kwa mpigo mmoja.

Si kwamba pesa zile hazikuwa na kazi. Kwa miaka mingi alikuwa amemwahidi mkewe, Jedidah, nyumba ya vyumba vinne kule Mbololo, yenye paa la mabati. Fundi alikwisha kupima kiwanja. Kilichobaki ni kungoja mvua za vuli zipite waanze msingi.

Jedidah alikuwa mzaliwa wa Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, na mfanyabiashara wa nyanya. Kila Jumanne na Ijumaa lori liliposhuka kutoka Wundanyi, yeye alikuwa wa kwanza kulilaki. Alinunua nyanya kwa matenga, akachambua, akayapakia katika behewa la mizigo, yakaenda Marikiti ya Mombasa kwa dalali mmoja aliyeitwa Miraj. Miraj aliuza, akakata ushuru wake, akatuma zilizobaki. Miaka yote hiyo Fanuel alikuwa dirishani pake akipiga simu za watu wengine, na biashara ya mkewe aliijua kama mume anavyowajua kuku wa mkewe: mayai anakula, lakini hajui wanatagia wapi.

Ijumaa ya kwanza ya kustaafu kwake hakuwa na pa kwenda, akamfuata sokoni.

Jedidah alinunua matenga kumi kwa shilingi tano tano. Kabla ya kuyasogeza akaokota kipande cha mkaa, akaandika ubavuni mwa tenga la kwanza: nane, na chini yake nne.

"Hiyo ni nini, Mama Wakesho?" Fanuel akauliza. Wakesho alikuwa binti yao, ameolewa Wundanyi.

"Milango yangu ya kutokea. Bei ikifika nane nauza, sina tamaa ya tisa. Ikishuka hadi nne nauza vilevile, sina machozi ya tano."

"Na kama ukiuza kwa nne, kesho yake ikapanda?"

"Itapanda bila mimi. Jumanne kuna lori lingine."

Kufika saa sita mchana ikaja simu ya Miraj: nyanya zimejaa Mombasa, tenga shilingi tatu na nusu. Jedidah hakupoteza hata dakika ya kuguna. Aliyazungusha matenga yale pale pale Voi, kwenye mahoteli na kwa abiria wa gari la moshi la mchana, akayamaliza kwa nne nne. Amepoteza shilingi kumi. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akiimba nyimbo za kwaya, na Fanuel alimtazama kama mtu anayemtazama mwenzake aliyepigwa kofi akasema ahsante.

"Umepoteza shilingi kumi, na unaimba?"

"Nimeona watu wakipoteza mia wakiwa wamenuna. Kununa hakurudishi kitu."

Jioni ile, juu ya sahani ya kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, Fanuel akamwomba mkewe amfundishe kazi. Jedidah akacheka mpaka akaweka kijiko chini, kisha akaona kwamba mumewe hatanii, uso umemtulia kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Moyo ukamlainika.

"Basi sikia, Baba Wakesho. Pesa ya unga haiendi sokoni. Pesa ya nyumba haiendi sokoni. Inayokwenda ni ile ambayo ikipotea utakasirika, lakini utakula na utalala. Toa shilingi mia katika lile sanduku. Hiyo ndiyo yako ya kuchezea. Na katika hiyo mia, mzigo mmoja usile zaidi ya ishirini."

"Ishirini tu? Faida yake itakuwa ya chumvi."

"Na hasara yake pia itakuwa ya chumvi. Ukikosea mara moja utakuwa bado na mara nne za kujaribu. Tena ukipoteza mara mbili mfululizo, kaa wiki nzima usinunue kitu. Mtu akiudhiwa na soko hulirudia kama mlevi anayerudi kilabuni kutafuta ugomvi."

"Na habari za bei? Mimi ni mtu wa simu, habari ndizo kazi yangu."

"Habari nzuri ni ile unayoijua wewe na mkulima. Ikifika kwa kinyozi, utamu wake umekwisha kuliwa."

Fanuel alifuata maneno hayo kwa wiki sita, neno kwa neno, kama alivyokuwa akifuata saa za gari. Mara alipata, mara alikosa, na zilipohesabiwa alikuwa amepata faida ya shilingi ishirini na tatu. Si nyingi, lakini zilimwingia kichwani. Akaanza kutembea mikono nyuma. Akaanza kuwaambia wenzake wa zamani pale stesheni kwamba kumbe alipoteza miaka ishirini na sita akipiga kidole, na pesa zilikuwa zikimpita nje ya dirisha.

Ndipo Wakesho akajifungua mtoto wa tatu, na Jedidah akapanda Wundanyi kumkanda na kumpikia uji, akaenda kwa siku nane. Na ndipo mvua za vuli zikaanza kwa nguvu.

Jumatatu Fanuel alikuwa kwenye kiti cha Stephen kinyozi, upande mmoja wa ndevu umenyolewa, upande mwingine bado una povu. Kibanda kimejaa watu waliokimbia mvua, na wote wanazungumza jambo moja: maji yamekula tuta la reli upande wa Taveta. Vitunguu vya Chala, vinavyolisha Mombasa, vimekwama huko huko.

"Mombasa gunia lilikuwa kumi na nne," Stephen alisema, wembe umesimama hewani. "Leo ishirini na sita. Kufika Jumamosi itakuwa arobaini, mkumbuke nimesema mimi."

Fanuel aliona ile nyumba ya Mbololo, halafu akaiona na kitu ambacho hakikuwamo katika hesabu ya fundi: baraza pana la saruji, na Jedidah amekaa juu yake asubuhi, amenyoosha miguu, hana lori la kulikimbilia. Angerudi kutoka Wundanyi akute jambo limekwisha. Hakungoja kumaliziwa ndevu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Alwi, mwenye duka karibu na msikiti, ambaye alijulikana kuwa na vitunguu ghalani. Alwi alikuwa mtu wa pwani, mpole, wa maneno machache. Walikubaliana shilingi ishirini na nne kwa gunia, magunia arobaini. Shilingi mia tisa na sitini. Fanuel alizihesabu juu ya meza.

"Lakini mbona unauza, Bwana Alwi," akauliza akicheka, "hali Jumamosi bei itafika arobaini?"

"Huenda ikafika, ndugu yangu. Mimi nilinunua kwa kumi na moja, na faida yangu n'shaiona. Ya Jumamosi anaijua Mola." Akamkubalia ayaache magunia ghalani kwa siku chache, bila kodi.

Jumanne simu ya Miraj ikasema ishirini na nane. Fanuel akapiga hesabu: akiuza sasa, baada ya nauli na ushuru, atapata zaidi ya shilingi themanini kwa siku moja, sawa na mshahara wake wa wiki nyingi alipoanza kazi. Lakini themanini hazitoshi baraza. Baraza lilitaka thelathini na tano kwa gunia. Akasema angoje. Jumatano ikabaki ishirini na nane. Akasema soko linapumua.

Alhamisi meli iliyosheheni vitunguu kutoka ng'ambo ikatia nanga Kilindini. Simu ikasema kumi na tisa.

Fanuel alisoma karatasi ile mara tatu, yeye ambaye maisha yake yote alisoma simu mara moja tu. Akajiambia itarudi. Akajiambia hawezi kuuza sasa, kwa kuwa akiuza hasara itakuwa kweli, na asipouza ni maneno tu kwenye karatasi. Ijumaa ikawa kumi na saba. Jumamosi, siku ambayo Stephen kinyozi alisema bei itafika arobaini, watengenezaji wa reli walisema gari la Taveta litapita Jumatatu, na bei ikawa kumi na tano. Ghala la Alwi lilikuwa na unyevu wa mvua. Alipofungua gunia moja, vitunguu vya juu vilikuwa vimeanza kutoa vichwa vya kijani.

Jedidah alirudi jioni ya siku hiyo, amechoka na amefurahi, amejaa habari za mjukuu. Fanuel alimpokea mzigo, akamwashia moto, akamtengenezea chai yeye mwenyewe. Jumapili alikwenda kanisani akasimama pasipo na sababu wakati wengine wamekaa. Chakula alikigusagusa. Na vidole vyake havikutulia: juu ya meza, juu ya goti, juu ya ubao wa kitanda, ti-ti-ta, ti-ta, kama wakati wa kazi. Jedidah hakujua herufi hata moja ya simu, lakini miaka ishirini na sita ilikuwa imemfundisha wimbo wake. Alijua vidole vya furaha na alijua vidole vya ajali.

Jumatatu asubuhi, mumewe akivaa koti, alimsogelea akamnusa begani.

"Baba Wakesho, wazee walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Kumbe na vitunguu pia."

Fanuel alikaa kitandani. Alitaka kuanza kwa maelezo ya tuta la reli, lakini yakatoka yote kwa fujo: kinyozi, Alwi, ishirini na nane, meli, baraza. Alipofika kwenye baraza akainama, akangoja radi.

Jedidah alikaa kando yake. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya tenga:

"Tuseme leo huna gunia hata moja. Nikupe shilingi mia sita mkononi. Ungekwenda kwa Alwi ukanunue vitunguu hivyo, vinavyochipua, kwa kumi na tano?"

Fanuel alifikiri kwa haki. "La. Nisingenunua."

"Basi kwa nini unaviweka? Kuviweka ni kuvinunua upya kila asubuhi. Soko halijui kwamba wewe ulitoa ishirini na nne. Hilo unalijua wewe na Alwi tu."

"Nimekula nyumba yako, Mama Wakesho."

"Umekula vyumba viwili. Twende tukaokoe vilivyobaki." Halafu akafanya jambo ambalo Fanuel hakulitegemea: akaona haya. Akavutavuta ncha ya leso yake. "Unawakumbuka wale mbuzi wawili ambao mama alinipa, mwaka ule wa njaa, wakati wa vita?"

"Waliokufa kwa ugonjwa wa miguu. Nakumbuka. Hata nilimwandikia mama mkwe barua ya pole, kurasa mbili."

"Hawakuwa wagonjwa. Niliwauza, nikanunua mahindi yote kwa pesa ile, kwa kuwa kila mtu alisema yatapanda. Wiki ya pili serikali ikaleta mahindi kwa gari la moshi, tena uliyepokea simu yake ni wewe. Nililia chooni siku tatu. Wale mbuzi walifia sokoni, baba."

Fanuel alimtazama mkewe, mdomo wazi. Akaikumbuka ile barua: jinsi alivyowasifu wale mbuzi, jinsi alivyotaja mapenzi ya Mungu. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, cha kwanza kwa siku tano, na Jedidah naye akashindwa kujizuia. Walicheka wamekaa kitandani, wameegemeana, mpaka jirani akauliza kupitia ukutani kama kuna heri.

Asubuhi ile ile walichambua magunia, wakatupa vitunguu vilivyooza, wakayapakia yaliyosalia, thelathini na nane, wakapanda gari la mchana wao wenyewe. Ilikuwa safari yao ya kwanza ya kwenda Mombasa pamoja. Mara zote Jedidah aliposafiri, mumewe alikuwa kazini, akimpungia mkono kutoka dirishani pa simu.

Miraj dalali aliwapokea Marikiti kesho yake mapema. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia safi, ambaye kwa miaka kumi na miwili alimjua Jedidah kwa nyanya zake kuliko kwa uso wake. Alitoa kitunguu kimoja katika kila gunia la tatu, akakibonyeza.

"Mama, sikufichi. Sokoni leo ni kumi na tatu. Kuna wanaosema alasiri kitapanda, maana kuna meli inataka chakula. Mimi siwezi kuapa."

Fanuel alimgeukia mkewe. Jedidah alikuwa akitazama mapapai ya mtu mwingine.

"Sema wewe," alisema bila kugeuka. "Ni vyako."

Hapo ndipo Fanuel alipojua uzito wa kazi ile. Alasiri ilikuwa saa sita tu mbele, na shilingi moja kwa gunia ni shilingi thelathini na nane. Ndani yake sauti ya Stephen kinyozi ilisema angoje. Alifumba macho, akajiuliza lile swali la mkewe: ningenunua leo kwa kumi na tatu? Akafumbua.

"Uza, Bwana Miraj. Vyote."

Alasiri, wakinywa chai karibu na stesheni wakingoja gari, walisikia makuli wakizungumza: vitunguu vimefika kumi na tano. Fanuel aliweka kikombe chini kama aliyeumwa na nyuki.

"Shilingi sabini na sita, Mama Wakesho! Saa sita tu!"

"Shamba uliloliuza, mvua yake huiangalii. Ungengoja leo ukapata, kesho ungengoja tena, na siku moja ungengoja mpaka kwenye mbolea. Umefanya vizuri. Hii ndiyo mara ya kwanza naona umefanya biashara." Akamsogezea mandazi yake.

Nauli na ushuru vilipotoka, walirudi na shilingi mia nne na arobaini kati ya zile mia tisa na sitini. Zaidi ya mia tano zilikuwa zimekwenda, na hakuna maneno ya kuzifanya zionekane chache. Nyumba ya Mbololo ilijengwa mwaka uliofuata kwa vyumba viwili, na fundi akaacha matofali yenye meno upande wa mashariki ili vingine viungwe siku Mungu akipenda. Fanuel alikuwa akiyaona meno yale kila alipokwenda, na kila mara yalimwuma. Vyumba vingine vilikuja baada ya miaka minne, kwa pesa za nyanya.

Kwa mwezi mzima baada ya Mombasa hakununua hata tenga moja. Alibeba tu na kuchambua, na jioni alimsugua mkewe miguu kwa mafuta ya nazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya alipokuwa mtu wa mshahara. Wazee wenzake walipostaafu wakaja kumwuliza wafanye nini na viinua mgongo vyao, hakuwaficha. Alianza na hasara yake, bei kwa bei, siku kwa siku, ndipo akafika kwenye ushauri, na wengi walikwenda zao kabla hajafika huko.

Mwezi wa pili akaanza tena, kwa shilingi ishirini. Jumanne moja alinunua matenga manne ya nyanya kwa tano tano, akaandika namba zake kwa mkaa, saba juu, nne chini. Kabla ya adhuhuri bei ilikuwa nne. Jua lilikuwa kali, na mtu mmoja pale stesheni alimwambia angoje gari la jioni, abiria wa gari la jioni hawana ubahili. Fanuel alimshukuru, akauza yote manne papo hapo, akaenda nyumbani kwa miguu.

Jedidah alikuwa mlangoni akichambua kunde katika ungo.

"Nimepoteza shilingi nne," alisema Fanuel, akivua kofia.

Mkewe alimtazama kutoka juu hadi chini, polepole, kama anayetafuta mahali palipovunjika. Hakupaona.

"Umekula?"

"Bado."

"Basi keti," alisema, akampisha kwenye mkeka, akamwekea ungo katikati yao ili wachambue pamoja mpaka sufuria ichemke.